Kila Kinacholia Kipakwe Mafuta

Jumatatu, 3 Machi

Leo nimebandikiwa waraka mlangoni mwa karakana. Sikuitwa, sikuambiwa — nimebandikiwa! Na gundi yenyewe ni unga wa ngano wa kiwandani, umekorogwa na maji, bado unachuruzika.

Unasema hivi: kufuatia malalamiko ya wakazi wa mteremkoni kuhusu kelele za breki alfajiri, kuanzia sasa kila kinacholia kipakwe mafuta. Utulivu ni sura ya kiwanda. Kisha sahihi ya meneja, imejikunja mpaka pembeni mwa karatasi.

Nimeusoma mara tatu. Kila kinacholia kipakwe mafuta! Ala! Na mtoto akilia je, tumpake?

Nikamfuata ofisini hukohuko, na ovaroli langu chafu. Nikamweleza kwa adabu zote nilizolelewa nazo. Breki za baiskeli zetu hushika rimu. Raba inabana chuma, chuma kinapunguza mwendo, basi, hakuna muujiza hapo. Zinalia kwa sababu raba zimezeeka, zimekuwa ngumu kama kwato, tena zinagusa rimu kwa ubapa wote mara moja. Dawa ni raba mpya, nilizoomba tangu Desemba. Kama hakuna, nipewe siku chache nizipige msasa na kuzipanga upya moja moja. Lakini mafuta kwenye rimu ni kuua watu. Kiwanda kiko juu, wateja wako chini. Waendesha baiskeli wanaposhuka wamebeba kreti nne za mikate, wanapopanda wamebeba kreti tupu. Yaani uzito wote uko kwenye kushuka!

Meneja alinisikiliza huku anakoroga chai. Akasema mlango wa chumba chake ulikuwa unalia, mkewe halali. Akaupaka mafuta mwenyewe, ukanyamaza. "Sasa fundi, nini kigumu hapo?"

Jibu zuri lilinijia nikiwa koridoni: mlango wako haushuki mlima! Limechelewa. Majibu yangu mazuri yote huja koridoni.

Karani akaniletea daftari la ukaguzi, nikasaini wiki nzima kama kila Jumatatu, nikamrudishia. Halafu nikaubandua ule waraka. Umeacha alama mlangoni, haitoki.


Jumanne, 4 Machi

Nimetengeneza baiskeli tano kati ya kumi na moja. Mgongo umekufa ganzi.

Na niandike hapa, kwa sababu huko ofisini hakuna anayetaka kusikia. Kwanza unafuta rimu kwa kitambaa cha spiriti mpaka kitambaa kitoke cheupe. Unatoa raba. Unachokoa mchanga na vipande vya chuma vilivyojizika ndani — mimi natumia sindano ya kushonea magunia. Unapiga msasa mpaka ule mng'ao mweusi uondoke na raba irudi kuwa raba. Halafu ndio ufundi wenyewe: unaporudisha, upande wa kisogo cha raba, kati yake na rimu, unachomeka kipande cha boksi la hamira, unakaza nati, unakitoa. Hapo raba inauma kwa pua kwanza, kisha inalala yote. Hailii, na inashika! Utulivu si ndio huu wanaoutaka? Dakika arobaini kwa baiskeli. Mafuta ni dakika moja, ndiyo maana wanayapenda.

Mkwe wangu, mwendeshaji wa namba saba, alipita saa ya chai akitoka safari ya pili. Huyu kijana ana miaka minne na binti yangu na mpaka leo haingii karakana mpaka nimwambie karibu. Anavua kofia, anasimama pale kwenye kizingiti kama mgeni wa mbali. Akasema, "Mama, hii namba saba leo imeshika mpaka nimeogopa." Nikamwambia kushika ndio kazi yake. Nikamkumbusha tena: usining'inie kwenye breki mteremko mzima, rimu zinapata moto na raba inateleza. Bana, achia, bana, achia. Punguza mwendo kabla ya kona, usingoje uwe ndani ya kona. Ya mbele ndiyo inayosimamisha, ya nyuma inasindikiza tu. Na makalio nyuma — hilo nimelisema nikiangalia spana, maana ni mkwe.

Akacheka chini chini, akavaa kofia, akaenda zake. Wengine baiskeli hizi wanazijua kwa namba. Mimi nyumba yangu iko katikati ya mteremko, nazijua kwa sauti. Kila alfajiri saa kumi na moja na nusu zinapita dirishani, namsikia mwenye namba nne, namjua mwenye namba tisa. Kesho namba saba itapita kimya, na si kwa mafuta.


Jumatano, 5 Machi

Tatu nyingine. Jumla nane.

Funguo amekuja na kopo la oili ya mashine ya kukandia! Huyu ni mtunza stoo wetu. Tunamwita hivyo kwa lile rundo la funguo linalocheza kiunoni. Funguo anazo, raba mpya hana. Akasema ametumwa. Nikamwambia akiigusa rimu hata moja nitamvalisha hilo kopo kichwani. Akasema yeye hana ugomvi na mtu, yeye ni waraka tu. Ebo! Mtu anakuwaje waraka?

Baadaye nikaitwa na meneja. Nisiwe kikwazo, anasema. Nina ukaidi wa mafundi, anasema. Nilimwambia mpaka Ijumaa zote kumi na moja zitakuwa kimya, anipe siku mbili. Akatazama saa yake. Hakusema ndiyo, hakusema hapana. Mimi nikachukulia ni ndiyo.


Alhamisi, 6 Machi

Mkwe wangu ameanguka. Mfupa wa bega umevunjika. Yu hai.

Siwezi kuandika zaidi kwa hasira.


Ijumaa, 7 Machi

Naanza upya, kwa mpangilio, maana kichwa kinavuruga mambo.

Jana alfajiri niliamka mwenyewe. Saa kumi na moja na nusu zikapita. Kimya! Kelele za minyororo tu, na matairi. Hakuna iliyolia hata moja. Nikatabasamu gizani kama mjinga. Nikajisemea, kumbe msasa wangu umefanya kazi! Nikajivuna mwenyewe kitandani. Na mimi najua kuhesabu. Nilitengeneza nane. Zile tatu zilikuwa bado, zilitakiwa zilie kama mbuzi. Sikujiuliza. Nilijigeuza upande wa pili nikavuta shuka.

Funguo alikuwa ameamka kabla yangu. Saa kumi na moja alikuwa getini na kopo na kitambaa, kwa amri ya meneja, anapaka. Akapaka pale sauti inapotokea. Akapaka rimu! Zote kumi na moja. Na za kwangu nane, ambazo zilikuwa hazilii tena, nazo akapaka, kwa sababu waraka hautofautishi. Wenzake mkwe waliokuwa nyuma walipomwona ameanguka wakashuka, wakakokota zao, na wanakokota mpaka leo.

Nimekwenda hospitali leo mchana. Mkwe amefungwa bega, uso umechubuka upande mmoja, anataka kuinuka kunisalimia! Nikamwambia lala, baba, lala. Anasimulia polepole. Alianza kubana kabla ya kona kama nilivyomwambia. Breki zikaingia mpaka vishikio vikagusa hendeli, na baiskeli haina habari. Akabana tena, akaachia, akabana. Mikate inamsukuma mgongoni. Akaweka soli ya kiatu kwenye tairi, kiatu kikaenda. Chini ya kona pale kuna bomba, na wanawake walikuwa kwenye foleni na ndoo zao. Akachagua mtaro.

"Niliona ndoo ya bluu, mama," akasema. "Nikageuza."

Anasema neno hilo kama vile anaomba radhi.

Jioni nikaenda kuitazama namba saba. Wameitupa nyuma ya kiwanda, gurudumu la mbele limekunjika. Nikapitisha kidole kwenye rimu, kikatoka cheusi, kinateleza. Nimekipangusa kwenye ukurasa huu. Alama yake hii hapa.


Jumamosi, 8 Machi

Nilifikiri nimeshakasirika. Kumbe nilikuwa napasha moto tu.

Mkwe amepewa barua. Kwenda kasi kupita kiasi, kuharibu mikate na mali ya kiwanda, kuhatarisha umma. Kuhatarisha umma! Yeye aliyejitupa mtaroni! Ajieleze kwa maandishi, kikao ni Jumatano, na asipojieleza vizuri hana kazi.

Nikapanda ofisini mbio. Koridoni safari hii sikuacha kitu, maneno yote nilikwenda nayo mdomoni. Nikamwambia meneja huo si uzembe wa mtu, ni mafuta yake. Akavuta daftari la ukaguzi, akalifungua, akaligeuza upande wangu kwa upole kabisa, kama mtu anayemwonyesha mwenzake picha ya harusi.

Alhamisi, 6 Machi. Baiskeli namba saba. Breki: sawa. Na sahihi yangu.

Nikainama, nikaisoma tena.

Ni sahihi yangu kweli. Niliiweka Jumatatu. Baiskeli hutoka alfajiri, mimi huingia saa moja, na daftari linataka sahihi kabla baiskeli haijatoka. Basi mwaka juzi karani akasema, fundi, kwa nini usisaini siku zote sita Jumatatu tukamaliza? Nikaona ni busara. Tangu siku hiyo nasaini wiki. Waendesha baiskeli wote wanajua, wananitania: fundi, nisainie na mwezi ujao!

Meneja akasema kwa sauti ya kunibembeleza: unaona, fundi, wewe uko salama. Ulikagua, breki zilikuwa sawa. Kwa hiyo kosa ni la mwendeshaji. Sahihi yako inakulinda.

Inanilinda! Kwa bega la mkwe wangu! Nilitaka kumpiga na lile daftari. Halafu nikatoka, na koridoni safari hii halikuja jibu lolote.


Jumapili, 9 Machi

Binti yangu amekuja, macho mekundu. Hakukaa. Akaniuliza mbele ya baba yake: "Mama, fundi wa zile breki si wewe?"

Nikamwambia ni mimi. Akasema basi ilikuwaje. Nikamweleza oili, Funguo, waraka. Sahihi sikumweleza. Mtoto nimemzaa mwenyewe na nimemficha!

Alipoondoka, baba watoto akaniambia ninyamaze. Hesabu yake ni hii: nikisema nilisaini siku ambayo haijafika, nimekiri uongo wa maandishi, naondoka mimi, na meneja anabaki palepale. Na nikiondoka mimi, nani atazuia mafuta kwenye rimu za wale wengine kumi? Maneno yake yana akili, ndiyo yanayoniudhi. Nikamwambia anakaa kivulini kwenye ugomvi wa watu wengine. Akaenda kumwagilia miche.

Nimemkasirikia meneja. Nimemkasirikia Funguo, karani, wakazi wa mteremkoni na usingizi wao, baba watoto na ndoo yake ya kumwagilia. Wote nimewagawia. Fungu langu mwenyewe nalizungukazunguka.


Jumatatu, 10 Machi

Nimekwenda kiwandani saa kumi na moja, giza bado. Funguo yupo getini na kopo. Nikamnyang'anya. Alishangaa mpaka rundo lake la funguo likaacha kulia. Nikamwambia aende akaseme kwa meneja kwamba fundi amepora oili. Nikasimama na spiriti na matambara, nikafuta rimu za baiskeli zote kumi kabla hata moja haijatoka. Waendesha baiskeli walinisaidia. Mmoja wao, tunayemwita Kengele kwa sababu hajui kusema polepole, akapiga kelele, "Leo tunashuka na roho zetu!" Wakazi wa mteremkoni nadhani walimsikia bila breki.

Karani akaleta daftari. Nikasaini Jumatatu peke yake. Akaniangalia. Akasema, na zingine? Nikamwambia zingine hazijafika. Akacheka, akadhani natania.

Mchana nikafanya jaribio, nikitumia saa yangu ya chakula. Njia ya kupakilia mikate ina mteremko wa kutosha. Nikachora mstari wa chaki. Kengele akapanda baiskeli mbili kwa zamu, kila moja na kiroba cha unga kwenye keria, anabana akifika kwenye mstari. Ile niliyoifuta na kuipiga msasa: hatua tano, ikasimama. Ile niliyoipaka oili kama waraka unavyotaka: hatua ishirini na mbili, na angeendelea kama si kreti tupu zilizopangwa mwisho wa njia. Kreti zikaenda huku, Kengele kule. "Fundi! Unataka kuniua ili uthibitishe nini?" Tukacheka. Ni mara ya kwanza tangu Alhamisi.

Hatua tano na hatua ishirini na mbili. Nimeziandika kubwa.


Jumanne, 11 Machi

Nimekwenda kwa binti yangu kuisoma barua ya mkwe ya kujieleza kabla haijapelekwa. Yeye amesema, binti ameandika, maana mkono wa kulia ndio uliofungwa. Chumba chao kina kitanda, meza, na kiti kimoja. Mkwe alinipisha kiti, akasimama. Nikamwambia kaa kitandani, wewe mgonjwa. Akakaa ukingoni, nusu nusu.

Barua ni nzuri. Mwendo wake, kona, breki kuingia mpaka mwisho, bomba, ndoo. Oili ameitaja. Sahihi hakuitaja. Hakuna! Na yeye anajua kama wote wanavyojua. Angeandika mstari mmoja tu, kwamba fundi husaini wiki nzima Jumatatu, lile daftari la meneja lingekuwa karatasi ya kufungia maandazi.

Nikamuuliza kwa nini. Akaangalia mkeka. Akasema alikuwa anaelezea yaliyotokea barabarani tu.

Binti akanisindikiza mpaka nje. Huko ndiko akaniambia, bila kunitazama. Aliutaka yeye mstari huo uandikwe. Kalamu ilikuwa mkononi mwake. Mumewe akamkataza. Akasema, "Mama yako usimtaje." Wamegombana siku nzima kwa ajili yangu. Kumbe alikuwa anajua tangu Jumapili! Alikuja kunipa nafasi niseme mwenyewe, na mimi nikamweleza habari za Funguo.

Nimerudi nyumbani kwa mguu, napanda mteremko, naona aibu mpaka kwenye miguu. Kijana mwenye bega bovu ananikinga mimi! Nani alimwomba? Nimekasirika naye pia. Ana haki gani ya kuwa mwema namna hiyo bila kuniuliza?

Baba watoto akaniuliza kesho nitasema nini. Nikamwambia sijui. Akanisogezea sahani.


Jumatano, 12 Machi

Naandikia kwenye benchi nje ya ofisi. Daftari hili nilikuwa nalo mfukoni mwa ovaroli. Wametutoa nje, wanajadiliana. Niandike kabla mambo hayajanipoa.

Kikao: Tajiri, meneja, karani wa kuandika, na mimi nimeitwa kama shahidi. Tajiri ndiye mwenye kiwanda, mama mtu mzima, alianza kwa tanuri moja uani kwake na mpaka leo mikono yake ina alama za moto. Mkwe alisimama. Wakasoma mashtaka, wakasoma barua yake. Meneja akasema habari ya oili ni kisingizio, maana oili hupakwa kila mahali duniani na vitu vinakwenda vizuri. Ndiyo tatizo, nikasema kwa sauti, vinakwenda vizuri mno! Karani akaniambia nisubiri zamu yangu.

Zamu ilipofika nikamwomba Tajiri atoke nje anione kazi. Meneja akapinga. Tajiri akavaa viatu vyake, alikuwa amevivua chini ya meza, akatoka.

Njia ya kupakilia, mstari wa chaki, baiskeli mbili, viroba viwili. Nikamwomba Funguo apake mwenyewe ile ya pili, kwa kitambaa chake, vile alivyopaka Alhamisi. Akapaka, mkono mzito. Kengele alikuwa amevaa sufuria kichwani! Tajiri hakucheka. Ya kwanza: hatua tano. Nikamwonyesha raba, nikamwonyesha pale inapouma kwa pua. Ya pili: akaupita mstari, akatupita na sisi, Kengele anapiga yowe, kreti zikaruka mpaka mlangoni kwa waokaji. Tajiri akainama, akapitisha kidole kwenye rimu, akakinusa.

"Hii si ile ya mashine ya kukandia?"

Ndiyo, mama.

Akamgeukia meneja. Nikaona meneja ananywea ndani ya shati lake. Loo, nilifurahi! Nilifurahi kwa dakika moja nzima, sitaki kudanganya.

Tukarudi ndani. Meneja akasema sawa, tuseme ni oili. Akafungua daftari la ukaguzi. Akalisogeza mbele ya Tajiri. Fundi huyu huyu, asubuhi hiyo hiyo, amesaini kwamba breki za namba saba ni sawa. Kama oili ilikuwepo, mbona hakuiona? Basi ama daftari ni la uongo, ama haya maonyesho ya nje. Moja kati ya hayo.

Mimi nikaona ametega vizuri. Sikumdhania akili hiyo.

Tajiri akavaa miwani. "Fundi, hii ni sahihi yako?"

Nikamwangalia mkwe wangu. Akatikisa kichwa, kidogo sana: usiseme. Halafu akafungua mdomo yeye! Akaanza, mama Tajiri, kwa kweli siku ile na mimi nilikuwa na haraka kidogo —

Uongo! Uongo mtupu, ana haraka gani, mtu anayesubiri kwenye kizingiti mpaka aambiwe karibu! Nikasimama. Nikasema anyamaze. Sijawahi kumwambia mkwe wangu anyamaze. Nikasema sahihi ni yangu, lakini si ya Alhamisi. Ni ya Jumatatu. Nasaini siku zote sita kwa mkupuo mmoja, tangu mwaka juzi, karani yupo hapa aulizwe. Alhamisi asubuhi sikuigusa namba saba, sikuiona, nilikuwa kitandani kwangu nasikia kimya chake na kujisifu. Breki zilikuwa sawa Jumanne nilipozitengeneza mimi. Alhamisi hakuzitazama mtu. Kijana huyu aliteremka na sahihi yangu badala ya breki.

Karani aliacha kuandika. Tajiri akamwambia andika.

Nilidhani meneja atafurahi. Hakufurahi, maana kama daftari ni la uongo Alhamisi, ni la uongo wiki zote, na chini ya kila ukurasa kuna sahihi yake kuthibitisha yangu. Hilo nalo limenijia hapa koridoni. Limechelewa, lakini Tajiri ana miwani.

Wakatutoa nje sote wawili. Meneja amebaki ndani.

Benchi ni hili moja. Mkwe alisimama ukutani, nikamwambia akae. Amekaa, tumeacha nafasi ya mtu wa tatu katikati. Bega linamuuma, naona anavyolishika. Nikamuuliza alifikiri nini kusema alikuwa na haraka. Akasema, "Mama, mimi bado nina nguvu. Nikitoka hapa nitapata pengine." Nikamwambia na mimi mkono wangu unajua kazi, baiskeli ziko kila mahali. Akasema kwa umri wako, mama? Halafu akashtuka na maneno yake mwenyewe, akaniomba radhi mara tatu. Ebo! Umri wangu! Nimecheka mpaka machozi, naye kicheko kinamuumiza bega, anasema mama usinichekeshe.

Sauti ya Tajiri inasikika mlangoni, maneno hayasikiki.

Karani ametoka. Amesema Tajiri anataka aingie mmoja tu.

Nikauliza nani.

Akasema ameambiwa mmoja, hakuambiwa nani, akarudi ndani. Mlango ameuacha wazi.

Mkwe ameshasimama. Nami nimesimama, naandika nimeegemeza daftari ukutani. Amenishika mkono wa ovaroli, huyu ambaye hajawahi kunigusa zaidi ya kunipa mkono wa salamu. Anasema, kaa, mama. Nimemwambia kaa wewe. Hakai. Anasema tena, kaa, tafadhali. Sikai! Wanatuangalia kutoka ndani, na yeye anavuta huku, mimi navuta kuelekea mlangoni, na hajui kwamba mkono wangu anaouvuta ndio huu ninaoandikia —